Kwatre-kwatre ya zamani kwa njia za mashamba: tusinunue rangi



Miezi hii, katika mikutano yetu, ulizo moja limerudi mara mingi: "Tumeweka feza kidogo kidogo, sasa tunataka gari ya kutoa mazao mulimani. Tununue gani?" Wanaouliza ni watu wa kahawa wa Kyondo, watu wa viazi wa Masereka na Luotu, na watu wa kakao wa upande wa Beni. Gari mpya hatuiwezi, tuseme ukweli. Inabaki ile ya zamani, ya miaka 20 ao 30. Na ndani ya hizo za zamani, kuko zile zitakazowabeba miaka 10 mingine, na kuko zile zitakazokula sanduku la koperative ndani ya msimu mmoja tu. Kwa macho zinafanana. Pengine ile mbaya ndiyo inayong'aa zaidi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuko koperative moja ya kahawa, jina lake tunaliacha, iliyotuomba tuisindikize kununua gari. Tulienda pamoja mjini, komite na sisi. Tukaonyeshwa jipu moja nzuri, turbo dizeli, viti vya kitambaa safi, hewa baridi ndani. Tulikaa ndani, tukafunga vioo, tukasikia ile baridi, tukaangaliana. Hakuna kati yetu aliyeinama kuangalia chini. Hakuna aliyeuliza moteri ni ya aina gani. Koperative ililipa feza yote iliyokuwa nayo, siku ile ile.

Wiki ya tatu ya mavuno, gari ikiwa imejaa matunda mekundu ya kahawa, ilipanda mlima kwa gia ya kwanza karibu saa nzima. Sindano ya joto ikapanda, moshi mweupe ukatoka, gari ikasimama. Kichwa cha moteri, ile tunaitaka kulasi, kilikuwa kimepasuka. Mvua ikanyesha usiku. Matunda yalilala ndani ya magunia, kesho yake yalikuwa yanatoa harufu ya pombe. Mnajua hesabu ya kahawa: matunda yanatakiwa kumenywa siku ile ile yaliyochumwa, la sivyo yanachacha ndani ya ngozi, na mnunuzi anaisikia ile ladha ndani ya kikombe. Bei ilishuka. Mama mmoja alituuliza mbele ya mkutano: "Na nyie mulikuwa wapi?" Tulikuwa ndani ya gari, tukisikia hewa baridi.

Kwa hiyo somo hili si la watu wanaojua kila kitu. Mengi tulifundishwa nyuma ya pale na fundi mmoja mzee wa garaji ya Butembo. Siku tulipomletea jipu ile ikivutwa na kamba, alituuliza: "Papa prezida, mulikuwa munanunua gari ao munanunua rangi?"

Mbele ya gari, hesabu

Ulizo la kwanza ni hili: kweli mnahitaji gari? Kazi ya kuweka lami kati ya Kasindi, Beni na Butembo ilizinduliwa mwezi wa sita 2021 na marais wa Kongo na Uganda. Ni kilomita 80 kutoka Kasindi mpaka Beni, na 54 kutoka Beni mpaka Butembo. Ni jambo kubwa. Lakini shamba la kahawa haliko pembeni ya lami. Shida yetu iko kwenye zile kilomita za udongo mwekundu kutoka mulimani mpaka barabara kubwa, ambazo mvua ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja inazigeuza sabuni.

Kwa kahawa, karibu kilo 6 za matunda mekundu zinatoa kilo 1 tu ya kahawa ya kijani. Maana yake, mkibeba matunda mnabeba zaidi maji na maganda. Koperative zingine zimepata faida kubwa zaidi kwa kuweka mashine ndogo ya kumenya mulimani penyewe, kukausha pale, na kushusha kahawa ya parche kwa moto ao hata kwa chukudu, bila haraka. Kama hiyo inawezekana kwenu, fanyeni hiyo kwanza. Viazi navyo vinaweza kungoja siku moja ao mbili chini ya kivuli. Kukodi kamio ya mtu siku ya soko inaweza kuwa rahisi kuliko kuwa na gari yenu inayolala siku tano kwa wiki. Kakao ni kama kahawa: mbegu zikitolewa kwenye ganda zinatakiwa kuingia kwenye sanduku la kuchachusha siku ile ile.

Kama nyuma ya hesabu hiyo bado mnahitaji gari, basi gaweni feza mbele ya kutoka nyumbani. Tuseme sanduku lina dola 9.000. Musitafute gari ya dola 9.000. Tafuteni ya 6.000. Ile 3.000 inayobaki ni ya mipira, mafuta yote kubadilishwa, mkanda wa moteri, bateri, karatasi, na kitu ambacho mtakiona mwezi wa pili, maana hakikosekanaki. Koperative tuliyoisindikiza ilinunua gari kwa feza yote, ndiyo sababu iliposimama ilibaki imesimama.

Jina lililoandikwa kwenye kibati

Fungueni kifuniko cha moteri, tafuteni kibati kidogo chenye herufi. Herufi zile zinasema kweli kuliko mwenye kuuza. Kwa Land Cruiser za aina ya 70, ambazo Toyota ilianza kuzitengeneza mwaka 1984, mkiona HZJ, ni moteri 1HZ: mitungi 6, litre 4.2, mazutu, bila turbo, bila kompyuta. Mkiona PZJ, ni mitungi 5. Mkiona BJ, ni ya zamani zaidi, mitungi 4. HZJ75, ile pikapu ya malame mbele na nyuma iliyotoka kuanzia 1990, ndiyo fundi wetu anaipenda kuliko zote kwa kazi ya mulimani, na tumekubaliana naye. Inapanda polepole. Inapiga kelele. Inakunywa litre 13 mpaka 15 kwa kilomita 100 za njia nzuri, na ndani ya matope inaweza kupita 20. Lakini inabeba karibu tani moja bila kulalamika, na fundi wa kijiji anaweza kuifungua na funguo za kawaida. Ulizo moja tu kwa mwenye kuuza: mkanda wa ndani ya moteri ulibadilishwa lini? Unabadilishwa karibu kila kilomita 100.000. Kama hajui, ao anajibu "uko muzuri, bosi", hesabuni kama haujabadilishwa, na mubadilishe mbele ya safari ya kwanza. Mkanda ukikatika, moteri inajivunja yenyewe ndani.

Ya pili ni Hilux ya zamani, ile ya mazutu yenye moteri 2L ao 3L bila turbo. Mpaka karibu 1997 Hilux hizo zilikuwa na ekseli nzima mbele na malame, na hizo ndizo zinafaa mawe na mashimo. Zilizokuja nyuma ni laini zaidi kwa mwili wa mtu, lakini vyuma vya mbele vya kunesa vina viungo mingi zaidi vya kuchakaa. Nguvu ya Hilux ni kidogo kuliko ya Land Cruiser, na pia bei, na pia mazutu. Kwa koperative ndogo inatosha.

Jihadharini na herufi T nyuma ya 2L. Moteri 2L-T na 2L-TE, zenye turbo, zinajulikana kwa kupasuka kichwa zikipata joto sana. Hata 1KZ-TE ya Prado na Surf ina sifa hiyo. Si kusema zote ni mbaya. Kwa mtu mmoja anayetembea kwenye lami, ni gari tamu. Lakini mlima wetu na mzigo wetu ndivyo vinazipikaka. Jipu ya kosa letu ilikuwa ya jamaa hiyo.

Zile mpya kidogo, D-4D, zinasukuma mazutu kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu madogo sana. Mazutu ya bidoni ya makadafi wa pembeni ya njia, yenye maji na vumbi, inaziua, na piesi zake zinapita uwezo wa sanduku letu.

Kuhusu RAV4, tunajua inapendwa mjini. Haina shasi ya kweli chini na haina gia fupi. Kwenye njia ya Manguredjipa wakati wa mvua itakaa tumbo chini. Suzuki ndogo, Samurai, ni kinyume chake: ina shasi, ina gia fupi, ni nyepesi hata watu wane wanaweza kuisukuma itoke kwenye matope. Ni ya agronomu na kesiye, si ya magunia. Land Rover Defender ni gari la kweli, hatuikatai; mwili wake ni aluminiamu haulikwi na kutu, lakini shasi yake ya chuma inalikwa. Ulizeni tu: piesi zake, hapa kwetu, ziko duka gani? Nissan Patrol yenye moteri TD42 ni nguvu sawa na Land Cruiser, na ulizo ni lile lile.

Hilo ulizo la piesi ndilo kubwa kuliko yote. Mbele ya kuchagua gari, zungukeni Butembo nusu siku, mwingie kwenye maduka matano, muulize bei ya vitu vitatu: jwenti ya kulasi, sahani ya ambreyaje, na rulema za gurudumu la mbele. Gari ambayo maduka manne yana piesi zake siku hiyo hiyo, hiyo ni gari yenu. Ile ambayo wanawaambia "tutaagiza Kampala" muiache, hata kama ni nzuri kama bibi harusi.

Siku ya kuangalia

Fikeni asubuhi sana, bila kutangaza saa. Wekeni mkono juu ya moteri mbele ya kuwashwa. Kama iko na joto, mwenye kuuza aliamka mbele yenu kuipasha, na kuko sababu. Murudi siku ingine.

Ikiwa baridi, fungueni kifuniko cha radiateri (baridi tu, ikiwa na joto itawachoma uso). Maji yakiwa na mafuta juu yake, ao rangi ya chai ya maziwa, basi kwaheri. Washeni. Moshi mweusi kidogo mwanzoni si kitu. Mara mingi ni filtre ao injekta. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua, pete zimechoka. Moshi mweupe unaoendelea hata moteri ikipata joto, na maji yanapungua bila kuvuja mahali, huyo ndiye tuliyekutana naye mulimani. Moteri ikinguruma, fungueni kifuniko cha kuwekea mafuta. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikipuliza kama sufuria ya maharagi, moteri imezeeka ndani.

Sasa laleni chini. Ndiyo, prezida pia, na koti lake. Shasi ndiyo uti wa mgongo; moteri inabadilishwa, shasi hapana. Chukueni nyundo ndogo, mugonge polepole urefu wote: chuma kizima kinalia, chuma kilicholikwa kinatoa sauti ya kufa, na pengine nyundo inaingia. Angalieni zaidi nyuma, pale malame yanashikana na shasi, na karibu na tangi la mazutu. Gari zilizotoka sehemu za Japani zenye theluji zilitembea juu ya chumvi wanayomwaga njiani, na chumvi ile inaendelea kula hata hapa. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari ya miaka 25 ni alama mbaya. Mutu hapakaka rangi pale bila kuficha kitu. Angalieni pia kama kuko mahali palipochomelewa. Kuchomelea si dhambi, kama ni kazi safi na bamba nene. Ikiwa ni kama ugali uliomwagika, hapana.

Magurudumu ya mbele: kwenye ekseli nzima ya Toyota kuko tufe kubwa la chuma nyuma ya gurudumu. Likiwa limelowa grisi iliyochanganyika na mafuta mpaka ndani ya mpira, jwenti yake imeisha, na mahali mafuta yanatoka ndipo maji ya mto yanaingia. Si sababu ya kukataa gari, ni sababu ya kushusha bei. Inueni gurudumu na kriki, mulishike juu na chini, mulitikise. Likicheza, rulema.

Kisha ile kwatre-kwatre yenyewe, maana gari mingi ina jina tu. Kwenye Toyota za zamani, katikati ya gurudumu la mbele kuko kifungo cha kugeuza kwa mkono, kushoto na kulia. Kifungeni, acheni gari katika gia ya magurudumu mawili, inueni gurudumu moja, mulizungushe kwa mkono. Mwengine aangalie chini kama kardani ya mbele inazunguka. Mufanye hivyo pande zote mbili. Isipozunguka, kuko kitu kimevunjika ao kimetolewa, na mtalipa kwatre-kwatre mpate gari ya kawaida yenye uzito. Nyuma ya hapo ombeni kuipandisha mahali pa matope, mtie gia fupi, musikilize. Musijaribu hayo juu ya lami kavu mukikata kona. Magari hayo yanafunga mbele na nyuma pamoja, na kwenye lami mnaweza kuvunja kile mlichokuja kununua.

Mukishuka kilima, tieni gia ya pili, mtoe mguu kabisa. Gia ikiruka yenyewe, bwati imechoka. Fikirieni ikiruka na tani moja nyuma yenu kwenye kona za Luotu.

Kilometraji musiiangalie hata. Angalieni pedali ya freni: mpira wake ukiwa umeisha mpaka chuma, na kilometraji inasema 90.000, mnajua nani anadanganya.

Karatasi

Hapa ndipo tumeona koperative zikiumia bila gari kuharibika. Namba ya shasi imepigwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Land Cruiser iko mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Safisheni matope, muisome, muilinganishe na karte rose, herufi kwa herufi. Zisipolingana, musisikilize hadithi yoyote.

Kwa gari ambayo bado haijaingia nchini, ulizeni kwanza ofisi ya DGDA na OCC kuhusu umri wa gari na usukani wa kulia, na muulize wao wenyewe, si mtu wa katikati. Majirani wetu wana sheria zao: Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8, na Uganda, tangu 2018, haipokei iliyopita miaka 15. Gari iliyolipiwa ikalala mpakani inalipisha kila siku.

Na karte rose iandikwe kwa jina la koperative. Si la prezida, si la shoferi, si la ndugu yake kesiye "kwa sababu ana rafiki kwenye ofisi". Prezida anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Siku akifa, watoto wake watakuta karatasi yenye jina la baba yao, na gari iko kwenye lupango. Watafanya kile mtoto yeyote angefanya. Tumeona kesi hiyo ikichukua miaka miwili, na gari ikaota majani. Akti ya kuuza ipite kwa notere, kopi moja ibaki kwenye sanduku, ingine kwa sekretere.

Jambo moja halipendezi kusema, lakini tunalionaka: gari inayong'aa inaitwa na kila mwenye nguvu njiani. Ile yenye rangi iliyokufa na mlango wa rangi ingine inapita. Na hata hiyo, nyuma ya saa kumi na moja ya jioni isitembee. Mzigo ulale, watu walale.

Koperative ya jipu ile iliuza moteri na mwili kwa piesi, ikangoja misimu miwili, ikanunua HZJ75 ya rangi ya maziwa iliyochakaa, kiti kimoja kimeshonwa na kamba. Siku hiyo fundi alikuwa pamoja nasi, tulimlipa kazi ya siku nzima, na alikataa gari mbili mbele ya hiyo. Feza iliyobaki ilinunua mipira ya 7.50R16, ile myembamba ya meno marefu inayokata matope mpaka kufika kwenye udongo mgumu, na mkanda, na mafuta yote. Nyuma ya kiti kuko koleo, kamba nene, na ubao wa kuweka chini ya kriki isizame. Shoferi ana daftari: kilomita, litre, mzigo, na kila piesi iliyobadilishwa na bei yake, na mama kesiye anatia saini kila Jumamosi, nyuma ya shoferi kulala chini ya gari na pampu ya grisi.